Naombeni ushauri: nimpangishe fremu mtu wa kubeti?

Babu Fremu: Wakuu, habari za jioni. Nina fremu mbili hapa Mbeya karibu na kituo cha daladala. Moja ina fundi cherehani, nyingine iko wazi tangu muuza vifaa vya simu ahame. Sasa dalali kaniletea kampuni ya kubeti. Wanataka mkataba wa miaka miwili, mwaka wa kwanza wanalipa kwa mkupuo, na bei hawakuomba hata nipunguze.

Tatizo liko nyumbani. Mama watoto amekataa katakata, anasema hali hela ya mikeka iliyochanika, yaani tiketi za kubeti zilizoliwa. Namwambia hii si bangi: kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayotoa leseni, sheria ipo tangu 2003, kodi inaenda TRA. Tena yeye ni Yanga damu. Yanga na Simba ziliposaini na kampuni ya kubeti ya SportPesa mwaka 2017 alivaa jezi bila neno! Kama serikali imeruhusu, mimi mwenye fremu nakosea wapi? Matusi sitaki.

Mchana Mikeka: Chukua hela mkuu. Usipowapa wewe, jirani atawapa, vijana watavuka barabara tu.

Ustadh wa Mtaa: Leseni hata pombe inayo. Kwetu kamari imekatazwa waziwazi, Surat al-Maida aya ya 90, imetajwa sambamba na ulevi. Na anayepangisha huku akijua kitakachofanyika humo ndani, hawezi kusema hayumo. Kama wewe si Muislamu, basi msikilize mkeo.

Binti Thika: Nawasalimu kutoka Kenya. Huku kufunga kampuni za kubeti kulijaribiwa. Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, na mwaka huo huo SportPesa ikasimamisha kazi, klabu za Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki bila mdhamini. Vijana wa boda hapa stejini waliacha? Wapi! Walihamia kampuni zingine, kila mtu na simu yake. Kwa hivyo wanaotaka ipigwe marufuku waniambie kwanza watafunga simu namna gani. Lakini duka ni jambo lingine, Mzee. Wa simu ameamua mwenyewe kuifungua. Duka linamwita hata aliyekuwa anapita kununua mkate.

Mchana Mikeka: Dada, mkate na mkeka vinakaa pamoja vizuri tu 😂

Mzee wa Pango: Tuache mahubiri, tuongee mkataba. Hiyo bei uliyotajiwa hutaipata yote. Kampuni inakata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA, kwa hiyo dai cheti chake. Omba nakala ya leseni kabla ya kupokea hata shilingi. Halafu, hili ndilo kubwa, andika kwamba mashine za kutumbukiza sarafu haziingii. Karani wa dirishani anaweza kumwuliza kijana umri wake. Mashine haimwulizi mtu kama amefika miaka 18. Jirani yangu hapa Morogoro mkataba wake uliandikwa "michezo ya kubahatisha" basi, zikaingizwa mashine, na watoto wenye sare za shule wakawa wanapitia pale na hela ya madaftari. Alipolalamika akaonyeshwa sahihi yake mwenyewe.

Na huyo fundi cherehani umemwuliza? Jumamosi mechi za Uingereza zikiisha, kibaraza kinajaa vipande vya karatasi na vijana waliochaniwa mikeka. Mama aliyeshika kitenge chake atapita hapo katikati kwenda kupimwa?

Babu Fremu: Mzee wa Pango, nimempigia fundi sasa hivi. Kasema wakija hao, yeye anatafuta sehemu nyingine, na huyu hajawahi kuchelewesha kodi yangu. Nimemwambia dalali alete leseni na rasimu ya mkataba, na kifungu cha mashine kiwemo.

Mchana Mikeka: Hapo wamekukimbia mkuu. Hela ya mashine ndiyo wanayoifuata.

Mama Vifaranga: Babu, wakikataa nitafute PM. Nauza dawa za mifugo na chakula cha kuku, niko Mbeya hapo hapo. Mwaka mzima siwezi, miezi sita nalipa. Ila hiyo bei ya watu wa kubeti usinitajie.