Kabureta ya Weber 32/36 kwenye Corolla KE70: pampu ya petroli ya asili au ya umeme yenye rigyuleta?

KE70_Moro
Ndugu wanachama, nimeifungia Corolla yangu yenye injini ya 4K kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ya Weber 32/36 pamoja na pampu ya umeme ambayo muuzaji aliniambia kuwa inafaa gari lolote. Tangu hapo gari hunuka petroli kwenye foleni, na injini ikiwa ya moto haiwaki kwa urahisi. Nirudishe pampu ya asili, inayoendeshwa na injini, au ninunue rigyuleta, yaani kifaa cha kupunguza shinikizo la mafuta?

Fundi_Kabureta
Ndugu, pima kwanza. Weber hiyo inataka psi (kipimo cha shinikizo) 2.5 hadi 3.5 tu, kwa kuwa kinachozuia petroli isiingie ni boya linaloibana sindano ndogo kwenye kiti chake; shinikizo likilishinda boya, sindano huachia na kabureta hufurika. Funga geji ya shinikizo karibu kabisa na kabureta, baada ya rigyuleta kama ipo, kaza viungo vyote, kisha soma geji hiyo injini ikiwa inawaka.

Mzee_wa_4K
Mimi ningerudisha ya asili. Ndani yake springi ndiyo inayousukuma utando na kutoa mafuta, hivyo shinikizo hubaki la wastani bila kurekebishwa na mtu, na injini ikizimika pampu nayo husimama, jambo ambalo katika ajali huokoa maisha.

Dereva_Mlimani
Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kuhusu usalama, ila pampu hiyo imefungwa kwenye bloku, hupata joto, na petroli ikianza kugeuka mvuke gari hukatika mlimani. Ya umeme hukaa chini karibu na tangi na husukuma mafuta yakiwa bado ya baridi. Sharti ipitie relei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayotegemea swichi ya shinikizo la oili, ili injini ikizimika umeme wa pampu ukatike. Rigyuleta yenye bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi ni bora zaidi, kwani petroli huzunguka badala ya kukaa ikichemka.

Fundi_Kabureta
Ahsante kwa hoja hiyo ya relei, wengi huipuuza. Niongeze kwamba gari likikosa nguvu mlimani, usikimbilie kupandisha shinikizo, bali kagua chujio la petroli kwanza.

KE70_Moro
Nimepima: psi 6. Nimeweka rigyuleta, nikaanzia chini na kupandisha polepole hadi psi 3, na harufu imekwisha. Relei nitaifunga kesho kabla ya kuliingiza gari barabarani.