Nimekabidhiwa idara ya utafiti na kumbukumbu kwenye shirika la haki: nianze na ripoti au na makabati?

bintikisauni ameuliza:

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Niko Mombasa. Shirika letu la kutetea haki za raia limefungua idara ya utafiti na kumbukumbu na mimi ndiye nimepewa kuiongoza. Tuko wawili tu, mimi na kijana mmoja aliyesomea ukutubi. Kabla ya hapa nilikuwa nyanjani: kuandikisha maelezo ya familia ambazo watu wao walichukuliwa usiku wasirudi, waliopigwa risasi, na kesi za ardhi kuanzia Kwale mpaka Lamu.

Chumba nilichopewa kina makabati ya chuma ambayo mengine funguo zake hazijulikani ziliko. Kuna makatoni ya maji ya chupa yamejaa maelezo ya mkono tangu miaka ya tisini. Kanda za kaseti hazina majina. Picha za maiti kutoka mochari nimezikuta kwenye bahasha moja na risiti za teksi. Kuna simu ya ofisa aliyeacha kazi, na ndani yake video ambazo hakuna nakala yake popote. Faili moja imeandikwa MUHIMU SANA kwa kalamu nyekundu, ukiifungua ni karatasi tatu zisizo na tarehe wala sahihi.

Bodi inataka ripoti kabla ya mwaka kwisha: watu wangapi wamepotezwa pwani na nani aliwachukua. Mfadhili naye anaisubiri. Lakini kila jedwali ninalolifungua lina hesabu yake. Nimemwona marehemu mmoja ameandikwa kama watu watatu kwa sababu jina lake limeandikwa Mohamed, Muhammad na Mahmoud. Kijana wangu anapendekeza tumwage kila kitu chini tupange upya kwa mada: polisi, ardhi, wanawake. Moyo wangu unasita, ila sina hoja ya kumjibu.

Waliowahi kufanya kazi hii naombeni mnielekeze. Nianzie wapi? Na maelezo ya watu walioniamini mimi mwenyewe, wakalia mbele yangu, nani ana haki ya kuyasoma?

---

Karani Mstaafu amejibu:

Waaleikum salaam mwanangu. Nilitunza nyaraka za shirika la haki Nairobi tangu enzi za taipureta mpaka nilipostaafu, na nafurahi kuona mtu anauliza swali hili kabla ya kuandika ripoti.

Kwanza mzuie huyo kijana, kwa upole. Asimwage chochote chini. Faili aliyoifungua ofisa fulani, kwa kesi fulani, ikae vile alivyoiacha. Ukichomoa karatasi ya polisi ukaipeleka kwenye rundo la polisi, umeitenga na maelezo ya mama aliyeileta, na bahasha iliyokuja nayo, na ile noti ndogo ya pembeni inayosema "amerudi tena leo, bado anatafuta". Kesho wakili akikuuliza karatasi hii ilitoka kwa nani na ilifikaje kwenu, hutakuwa na jibu. Mada ziwekwe kwenye faharasa. Karatasi moja inaweza kutajwa chini ya mada kumi huku yenyewe haijasogezwa hata inchi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni daftari. Ingia chumbani, kabati kwa kabati, katoni kwa katoni, uandike: kipo wapi, ni nini, cha miaka gani, nani alikiweka, hali yake ikoje. Usisome kila ukurasa, utazama. Video za ile simu zitoe leo, usingoje daftari.

Sasa nikueleze kwa nini nashikilia hivi. Unaikumbuka kesi ya wazee wa Mau Mau, wapigania uhuru walioishtaki Uingereza kwa mateso ya wakoloni? Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilidumu kwenye sheria zetu mpaka 2003. Ilipoondolewa, Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni shirika la kiraia kama lenu, pamoja na chama cha wapiganaji wenyewe, walikaa chini na wazee na kuandika ushuhuda wao. Mwaka 2009 kesi ikafunguliwa London. Serikali ya Uingereza ikabishana sana kwamba muda umepita. Mwaka 2011 ndipo ikajulikana kuwa kuna mafaili yaliyosafirishwa kutoka Kenya wakati wa uhuru, yamefichwa Hanslope Park, ghala la serikali huko Uingereza: kama mafaili 1,500 kwenye makasha 300 hivi. Ukijumlisha na ya makoloni mengine, jumla ilikuwa karibu mafaili 8,800 kutoka nchi 37. Oktoba 2012 jaji akaamua kesi inaweza kuendelea, kwa sababu kulikuwa na maandishi ya kutosha ya wakati ule ule kuonyesha nani alijua nini, Nairobi na London. Juni 2013 Uingereza ikatangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Wengi husimulia mpaka hapo wakafunga. Lakini kulikuwa na kesi ya pili, ya watu zaidi ya 40,000, nayo ilianguka mwaka 2018. Jaji hakukubali kuwaongezea muda. Miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita, na kuamua kwa haki juu ya kilichompata kila mmoja wao kulikuwa kumekuwa kugumu mno. Sisemi wazee wale hawakuteswa. Nasema makatoni yenu ya maji ya chupa yana maelezo yaliyoandikwa wiki ile ile mtu alipochukuliwa, na hicho ni kitu ambacho wale wazee 40,000 hawakuwahi kuwa nacho. Hakuna aliyekaa nao mwaka 1954 na kalamu. Wewe umekaa na hawa watu. Maelezo hayo ndiyo yatakayosimama mahakamani siku ambayo mimi na wewe hatupo.

Kuhusu hesabu zisizolingana: hilo si tatizo la jedwali, ni kwamba hamjakubaliana mnahesabu nini. Wamarekani weusi walilipitia hili. Ida B. Wells, mwandishi wa habari mweusi wa miaka ya 1890, alizichukua takwimu za mauaji ya umati zilizokuwa zinachapishwa na gazeti la Chicago Tribune, gazeti la wazungu wenyewe, ili asiambiwe amezitunga. Monroe Work, msomi mweusi, alifika chuo cha Tuskegee, Alabama, mwaka 1908, akaanzisha idara ya kumbukumbu na utafiti, akawa anakata habari magazetini na kuzipanga mwaka baada ya mwaka. NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, ambako msomi Du Bois aliongoza machapisho na utafiti tangu 1910, nao walihesabu kivyao; mwaka 1919 walichapisha hesabu ya watu 3,224 waliouawa hivyo kati ya 1889 na 1918. Hesabu za pande hizi hazikulingana, na wapinzani walilitumia hilo. Mpaka Desemba 1940 wakakutana Tuskegee kukubaliana: lazima kuwe na ushahidi kwamba mtu ameuawa, kinyume cha sheria, na kundi la watu, kwa kisingizio cha kutekeleza haki, rangi au mila. Unaona walivyobanana neno kwa neno.

Nanyi kaeni muandike ukurasa mmoja. "Aliyepotezwa" ni nani? Aliyechukuliwa na watu waliovaa kiraia bila kitambulisho, anahesabiwa? Aliyepatikana mochari baada ya wiki, anabaki kwenye orodha ya waliopotezwa au anahamia ya waliouawa? Aliyerudi hai akakataa kusema? Kila mtu apewe nambari moja ya maisha, na majina yake yote matatu yaandikwe chini ya nambari hiyo. Huyo Mohamed wako atakuwa mmoja tena.

Usikubali kutoa idadi kabla ya ukurasa huo kupita kwenye bodi. Wakikusukuma, wape daftari la yaliyomo makabatini. Nalo ni ripoti, na hakuna wakili wa serikali atakayeliangusha.

---

zuhura_wa_kilimani amejibu:

Mzee Karani shikamoo, umesema yote ya msingi. Mimi nimejifunza kazi ya nyaraka Unguja, najua hewa ya pwani inavyokula karatasi, basi nitaongeza ya mikono tu.

Dada, maboksi yasikae chini wala yasigusane na ukuta. Shelfu za chuma, nafasi ya shubiri moja nyuma yake ili hewa ipite. Pini na klipu zitoe, zinaota kutu na kutoboa. Raba bendi zitoe, zinayeyuka na kugandana na karatasi. Usipige karatasi laminesheni hata ikichanika, wala usiibandike utepe wa gundi. Ukiandika juu ya faili tumia penseli. Ukikuta mchwa au ukungu, toa boksi hilo zima nje ya chumba siku hiyo hiyo, ulishughulikie peke yake.

Karatasi za faksi za miaka ya tisini ndizo za haraka kuliko zote. Maandishi yake yanafifia hata ukiyafungia. Fotokopi kwanza, mengine baadaye. Na risiti hizo za teksi usizitupe: zikiwa na tarehe zinaonyesha ofisa wenu alifika mochari siku gani.

Kanda za kaseti: vunja vile vijino viwili vya juu ili mtu asije akarekodi juu yake. Usizicheze kwa kusikiliza tu. Tafuta mashine nzuri, izungushe mara moja huku unaihamishia kwenye kompyuta, uhifadhi kwa umbo lisilobanwa. Nakala ziwe tatu, na moja iwe nje ya Mombasa kabisa, kwa watu mnaowaamini. Ofisi za haki huvamiwa, kompyuta zikabebwa.

Orodha inayounganisha nambari na majina ya mashahidi isikae chumba kimoja na mafaili. Hilo naliona kubwa kuliko mchwa. Atakayeiba faili aondoke na nambari tu.

---

Mama Swaleh amejibu:

Mimi si mtaalamu. Mwanangu alichukuliwa, sijamuona mpaka leo. Binti yangu ndiye ananisomea haya na kuniandikia.

Walikuja watu wa shirika, sitalitaja. Wakaniomba picha. Nilikuwa na moja tu aliyopiga ya kitambulisho, nyingine zote alikuwa bado mdogo. Nikawapa pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, wakaniambia watarudisha. Hawakurudi. Kisha wakaja wengine, na wengine. Kila anayekuja anaanza upya: alivaa nini, gari lilikuwa rangi gani, nani alibisha mlango. Nami nasema tena, na usiku ule silali.

Wewe binti unayeuliza nani ana haki ya kusoma. Mimi nina haki. Nataka nijue maneno yangu yako wapi na yameandikwa vipi. Kama mna karatasi yangu, akija mtu mwingine kuuliza mpeni ile, nikikubali, asije akaniuliza tena alivaa nini. Na picha mpige nakala mbele yangu, yenyewe mniachie.

---

bintikisauni amejibu:

Mama Swaleh, pole sana, na ahsante kwa kuniandikia. Mwenyezi Mungu akupe subira na akurejeshee habari zake. Nimekaa na maneno yako tangu asubuhi. Kesho kabla ya kufungua kabati naanza na vitu vya watu: kila picha na cheti halisi kilichomo mle kiandikwe ni cha nani, kipigwe nakala, kirudishwe kwa mkono. Ridhaa nayo tutaiomba upya, na atakayesema hapana faili lake litafungwa.

Mzee Karani, nimemwambia mkurugenzi kwamba takwimu zitangoja ule ukurasa. Amekubali, bodi bado. Swali moja la mwisho: maelezo mengi yanataja nambari ya OB, yaani daftari la matukio la kituo cha polisi, lakini hatuna nakala ya maandishi ya kituo. Tunaweza kuyadai?

---

Karani Mstaafu amejibu:

Mnaweza. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Wakikataa lazima watoe sababu, na hapo unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Ombi liandikwe kwa jina la familia inapotaka hivyo, ninyi muwe wasaidizi. Usiombe "kumbukumbu zote". Taja kituo, nambari ya OB, tarehe na jina. Hata jibu la kwamba OB hiyo haipo ni ushahidi, liwekee faili.

Na mkiwa mmeshasajiliwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya 2019, vizuri. Kama bado, fanyeni hilo kabla hamjaanza kupiga skani, maana majina na picha za mochari si data ya kuchezewa.

Barua peleka mwenyewe. Beba nakala ya pili, wagonge muhuri wa siku waliyoipokea, maana siku 21 zinaanza kuhesabiwa hapo.