Nimelipa mwongoza watalii Mamallapuram, nimeambulia porojo

Wakuu, nina hasira, acheni nizimwage hapa.

Nilikuwa Chennai, India, nimempeleka mama kutibiwa. Siku aliyopumzika nikamwacha na dada, nikakodi gari hadi Mamallapuram, kama kilomita 60 kusini, ufukweni. Michongo ya pale nimeitamani miaka mingi. Nikampata mwongoza watalii, tukapatana bei, nikalipa yote papo hapo (kosa langu hilo).

Akaanza na zile ratha tano, yaani "magari ya kukokotwa" ya mawe. "Hapa ndipo walipoishi ndugu watano wa Mahabharata." Walipoishi?! Mahabharata ni utenzi wa kale wa Kihindi. Yale ni mahekalu, kila moja limechongwa kwenye jiwe zima, karne ya 7, enzi za wafalme wa Pallava, na hayakuwahi kumalizika. Majina ya hao ndugu, Arjuna, Bhima na wenzao, watu waliyabandika baadaye. Hiyo wanayoiita ya Draupadi, mke wao, chungulia ndani: aliyemo ni mungu wa kike Durga! Nikamwambia. Akanijibu mimi mgeni, sijui.

Tukaenda kwenye ule mwamba mkubwa, karibu mita 30 kwa upana, una tembo utadhani wanapumua. Kuna mtu amekonda mbavu zote nje, kasimama kwa mguu mmoja, mikono juu, na mungu Shiva mbele yake. Wapo wanaosema ni Arjuna anaomba silaha. Wengine wanasema ni mfalme Bhagiratha wa hadithi za Kihindu anaomba mto Ganga ushuke duniani, maana katikati mwamba una ufa wenye watu-nyoka, na juu yake palikuwa na birika la kumwaga maji. Ubishi huo una zaidi ya miaka 100, na ndio utamu wenyewe! Yeye: "Arjuna. Piga picha, twende."

Kilichonimaliza ni paka. Karibu na tembo kuna paka kasimama wima, miguu ya mbele juu, anamuiga yule mcha Mungu, na panya wamemzunguka. Ndani ya Mahabharata kuna kisa cha paka aliyejifanya mtawa kando ya Ganga, panya wakamwamini, akawa anawala mmoja mmoja. Nikamuuliza. "Ah, paka tu huyo."

Nikamtazama paka, nikamtazama yeye.

Dakika tano mwambani, halafu karibu saa nzima duka la vinyago vya mawe, ambako muuzaji alimpokea kama ndugu yake. Kuna mdau aliyewahi kurudishiwa hela yake kule? Alianzia wapi?