Kuziba EGR: unaokoa mafuta au unabadilisha aina ya moshi tu?

Spana 14 (mwanzisha mada)
Wakuu, gereji nyingi za dizeli zina dawa moja kwa kila ugonjwa: ziba EGR, yaani valvu ya kurudisha moshi kwenye injini. Kipande cha chuma cha pua cha milimita 2 au 3, gasketi mbili, kazi imekwisha. Mteja anaahidiwa gari jepesi na ulaji mdogo wa mafuta. Wapo pia wanaotaka gari lililozibwa lifelishwe kwenye ukaguzi, maana valvu hii inarudisha sehemu ya moshi kwenye mitungi ili kupunguza joto la mwako, na joto hilo ndilo linalozaa oksidi za naitrojeni zinazochoma mapafu. Msimamo wangu: kwa petroli kuziba ni ujinga, kwa dizeli ni uvivu wa kusafisha. Anayepinga aje na sababu.

Kipimo
Kwenye petroli sina ubishi. Ukienda mwendo wa kawaida, kipepeo cha hewa (throttle) kimefungwa kwa sehemu kubwa na pistoni zinanyonya kwa taabu, kama mtu anayepumua kwa mrija. Taabu hiyo inalipwa kwa mafuta. EGR ikiingiza moshi ambao hauna oksijeni ya kutosha kuunguza chochote, kipepeo hulazimika kufunguka zaidi ili hewa safi ipatikane ileile, na pistoni zinapumua. Mwako ukiwa baridi kidogo, kompyuta inaweza kuwahisha cheche bila injini kugonga. Ndiyo maana Toyota, kwenye injini ya Prius ya lita 1.8, walipoongeza kiasi cha moshi uliopoozwa walipata ufanisi wa juu wa asilimia 40 kutoka 38.5. Ukiziba hapo, umenunua mlio wa kugonga na petroli zaidi.

Dizeli Kavu
Hapo sawa, lakini usituhamishie Prius kwenye Hilux. Dizeli haibanwi na kipepeo namna hiyo, kwa hiyo faida yako ya kunyonya haipo. Kinachobaki ni moshi unaochukua nafasi ya oksijeni, mwako unaozalisha masizi, na masizi hayo yanakutana na mvuke wa oili unaotoka tumboni mwa injini. Matokeo ni lami. Fungua manifoldi (bomba la kuingizia hewa) ya 1KD, injini ya dizeli ya Toyota ya lita 3.0, iliyotembea mjini uone njia ya hewa ilivyobaki. Jambo la pili: moshi wa EGR ya aina hii unachotwa kabla ya turbo. Ukiuziba, wote unapita kwenye turbo, na gari linaitika mapema kwenye mzunguko mdogo. Hiyo si imani, dereva anaihisi mguuni.

Kipimo
Kuitika mapema nakubali. Nguvu ya juu sikubali. Ukikanyaga hadi sakafuni, kompyuta yenyewe inafunga EGR, kwa hiyo kwenye mlima kama Kitonga ukiwa umekanyaga mwisho, valvu nzima na valvu iliyozibwa ni kitu kimoja. Anayesema gari lake lilikufa mlimani na baada ya kuziba likafufuka, valvu yake ilikuwa imekwama wazi. Ameponya ubovu, akasifu kipande cha chuma. Valvu mpya au iliyosafishwa ingempa kitu kilekile.

Bi Vipuri
Na hesabu ya mafuta nayo ipimwe kiungwana. Gari la kilomita 10 kwa lita likiboreka kwa asilimia 3 ni mita 300 tu kwa kila lita. Foleni, upepo wa matairi na mzigo vinaweza kuimeza tofauti hiyo bila wewe kujua. Jaza tangi mpaka pampu ikatike, tembea njia ileile, jaza tena kituo hichohicho, rudia matangi matatu kabla na matatu baada. Wengi hupima kwa kuangalia mshale wa dashibodi, halafu wanakuja na ushuhuda.

Spana 14
Kabla ya kuziba, pima. Injini ikiwa ya moto, unganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari, soma gramu za hewa kwa sekunde, kisha amuru valvu ifunguke. Hewa safi ikishuka, njia iko wazi. Isiposhuka, kuna masizi au valvu haisogei. Kwenye kodi za hitilafu, P0401 ni moshi kupita kidogo, P0402 ni kupita mwingi. Kwa valvu za petroli zinazofunguliwa kwa vakiyumu (mvuto wa hewa), nyonya diaframu kwa pampu ya mkono gari likiwa limesimama linaunguruma: injini isipoyumba, huenda njia imeziba.

Kusafisha: toa terminali hasi ya betri, fungua valvu *na manifoldi*. Kukwangua manifoldi ikiwa bado kwenye injini ni kuangusha vipande vya kaboni kwenye valvu na mitungi. Loweka kwa dawa ya kabureta, sehemu yenye mota ya umeme isiguse dawa. Kostiki soda msitumie kabisa, inakula alumini. Gasketi ziwe mpya, sensa ya presha ya manifoldi isafishwe, kisha tafuteni masizi yametoka wapi: nozeli zinazovuja, chujio la hewa, oili inayopenya turbo. Usipofanya hivyo lami itarudi tu.

Dizeli Kavu
Naichukua hiyo. Ila kwenye ukaguzi mnajidanganya. Kipimo cha moshi kinapima weusi. Ukiziba EGR ya dizeli masizi *yanapungua*, kwa hiyo gari langu lililozibwa linapita, na lako lenye valvu iliyokwama wazi linafeli. Oksidi za naitrojeni hazionekani kwa macho wala kwa kipimo hicho.

Bi Vipuri
Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote humu, na inakugeukia mwenyewe: gari lako linapita kwa sababu tunapima kitu kisicho sahihi. Suala ni kuongeza kipimo cha gesi hizo na kusoma kumbukumbu za kompyuta. Wanaofuta EGR kwa programu wanafuta pia taa ya injini, hivyo kuangalia taa pekee hakutoshi. Na kisingizio cha dizeli chafu kimepungua nguvu tangu nchi za Afrika Mashariki zilipohamia salfa ya 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) mwaka 2015.

Bomba Jipya
Swali dogo. Fundi kaniambia kipande cha kuzibia chenye tundu la milimita 8 hakiwashi taa ya injini. Ni kweli?

Kipimo
Kwa baadhi ya magari, ndiyo: moshi kidogo unapita na kompyuta inaridhika. Lakini masizi nayo yanapita, na tundu likijaa taa inawaka. Halafu kagua kwanza kipoza moshi, kinachopooza moshi wa EGR kwa maji ya rejeta. Kama maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje na kuna moshi mweupe, kipoza kinaweza kuwa kimetoboka, na hapo kipande cha chuma upande mmoja hakizuii maji kwenda upande wa pili.