Kubandua karatasi za ukutani bila kuumiza ukuta: maji, mvuke, siki au kuvuta pakavu?

BintiTabata, Dar es Salaam

Habari za leo, ndugu zangu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, kwa kuwa nimeshapewa majibu matatu yasiyopatana. Chumba cha kulala cha mama yangu kilibandikwa karatasi za ukutani mwaka 2016, zile za vinaili zenye maua yaliyotuna. Kuta tatu ni za tofali, zimepigwa lipu ya saruji na kumaliziwa kwa skimu, lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta. Ukuta wa nne, unaokitenga chumba na korido, ni wa bodi za jipsamu. Karatasi zimeanza kuachia kwenye maungio, na chini ya kiyoyozi kuna madoa meusi ya ukungu yenye harufu nzito, wakati mama ana pumu.

Juzi nilivuta kipande cha ukubwa wa kiganja karibu na mlango. Kilitoka na skimu yake. Mgongo wa karatasi ulikuwa mweupe kama uliopakwa unga wa sembe, na ukutani pakabaki shimo lenye kina cha sarafu.

Fundi wa kwanza anataka kukwangua kila kitu hadi kwenye saruji na kupiga skimu upya. Wa pili anataka mvuke. Wa tatu anasema tupake rangi juu kwa juu, basi. Jirani naye ananihimiza nitumie siki. Ni njia ipi inayouacha ukuta salama?

FundiRangi, Temeke

Dada, pole kwa usumbufu. Njia zote ulizotajiwa zina mahali pake, lakini haziwezi kupangwa kwa ubora kabla hujajua karatasi zimekaa juu ya nini. Zima umeme kwenye swichi kuu, fungulia kifuniko cha soketi moja, kisha utazame ukingo wa karatasi kwa tochi. Ukiona tabaka la rangi au praima (rangi ya msingi) kati ya skimu na karatasi, una bahati, kwani gundi imeshika rangi na ukuta wenyewe haujaguswa. Ukiona skimu mbichi imegusana na karatasi, basi kosa lilifanyika siku ile ya kubandika: skimu isiyopakwa praima hunywa gundi, na ikishakauka vinakuwa kitu kimoja. Kwa shimo ulilolieleza, naogopa ukuta wa mlangoni ni wa namna hii ya pili.

Sasa kuhusu kuvuta pakavu. Karatasi ya vinaili ina matabaka mawili: ngozi ya plastiki kwa nje na karatasi ya kawaida kwa ndani. Wengi hukosea kwa kung'ang'ania kuyatoa yote kwa pamoja. Anzia pembe ya juu, inua ngozi ya nje peke yake kwa ncha ya kisu butu, halafu ivute kuelekea chini ikiwa imelala sambamba na ukuta, mkono ukikaribia kuugusa. Ukiivuta kuja kifuani kwako unauchomoa ukuta. Ukiivuta chini ikilalia ukuta, unazitenganisha karatasi zenyewe. Ngozi ikitoka, ile karatasi ya ndani hubaki, na hapo ndipo maji yanapofaa, kwa sababu maji hayapiti kwenye vinaili lakini karatasi huyanywa mara moja.

Tumia maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, na matone machache ya sabuni ya vyombo. Lowanisha kwa sponji eneo la mita moja ya mraba, ungoje dakika kumi hadi kumi na tano, ulowanishe tena, ndipo upitishe skrepa (kisu kipana cha kukwangulia) ukiwa umeilaza. Kabla ya kuanza, sugua pembe mbili za skrepa kwa msasa mpaka ziwe za mviringo, maana mikwaruzo mingi ninayoitwa kuirekebisha imechimbwa na pembe hizo. Kile kigurudumu chenye meno cha kutoboa karatasi ili maji yapenye, mimi sikitumii kabisa juu ya skimu wala jipsamu.

Otieno_Umoja, Nairobi

Nimewahi kuutumia mvuke katika nyumba mbili, kwa hivyo nitausemea huo. Mashine ya kubandulia karatasi hutumia zaidi ya wati 2,000, ina sahani bapa unayoikandamiza ukutani, na hufanya kazi ya kupendeza juu ya lipu ya saruji iliyopakwa rangi ya mafuta. Nilikuwa nikiishikilia sahani hiyo kwa kuhesabu hadi ishirini, nikaisogeza, na karatasi ikafuata skrepa kwa ukanda mzima bila kukatika.

Katika nyumba ya pili nilifanya vivyo hivyo kwenye ukuta wa jipsamu, na nikajutia. Bodi ya jipsamu imefunikwa kwa karatasi pande zote mbili, na mvuke hauchagui: uliilainisha gundi yangu pamoja na karatasi ya bodi. Ngozi ya bodi ilivimba kama malengelenge, nikalazimika kukata na kubadilisha kipande kizima. Skimu nayo huathirika ikipigwa mvuke kwa muda mrefu. Kwa hiyo, dada, katika chumba cha mama ningeupumzisha mvuke kabisa.

Kwa ukuta wa jipsamu nililowanisha kwa chupa ya kupulizia badala ya sponji, nusu mita kwa nusu mita, huku nikitumia skrepa ya plastiki. Ni kazi ya polepole lakini bodi ilibaki nzima. Nilitia pia kilainisha nguo kidogo ndani ya maji, na kwa maoni yangu kilisaidia.

FundiRangi, Temeke

Kaka Otieno, nakubaliana nawe juu ya jipsamu. Kuhusu kilainisha nguo nina shaka, kwa sababu huacha utelezi, na rangi haishiki vizuri juu ya utelezi usiposuuzwa ukaisha. Bodi ya jipsamu haitaki kusuuzwa kwa maji mengi, kwa hiyo unaongeza tatizo mahali ambapo huna nafasi ya kulitatua. Siki kidogo ndani ya maji ya moto haina dhara hilo kwenye lipu ya saruji iliyopakwa rangi, ingawa sijaona ikishinda maji na sabuni kwa tofauti ya maana.

Ila nasisitiza jambo moja kwa ajili ya mama mwenye pumu. Ule ukungu mtausafisha kwa dawa ya klorini ya kupaushia nguo, iliyochanganywa na maji. Klorini hiyo isikutane kamwe na siki, iwe ndooni au ukutani, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Kama unakusudia kutumia klorini, iache siki jikoni.

Mwanakombo, Mji Mkongwe, Zanzibar

Asalaam alaykum. Naongeza neno kwa wasomaji wenye nyumba za zamani za mawe, kwani nyumba zetu haziko kama za tofali. Kuta za huku ni za mawe ya matumbawe yaliyojengewa chokaa, na zimepigwa lipu ya chokaa. Ukuta wa namna hiyo huvuta unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa vinaili au rangi ya plastiki, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hukusanyika nyuma, na lipu hugeuka ungaunga. Katika chumba cha bibi yetu tulipoibandua karatasi, lipu iliyokuwa juu ya usawa wa sakafu ilimwagika yenyewe kama mchanga, wala hatukuwa tumeikwangua.

Kwa hiyo huku tunabandua kwa maji machache sana na kisu cha mti, kisha tunauacha ukuta upumue kwa miezi, si kwa siku. Mahali palipomomoka huzibwa kwa chokaa. Fundi akikuletea saruji au skimu ya viwandani, mzuie, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko chokaa na hufungia unyevu ndani.

Hata chini ya kiyoyozi chako, dada, nadhani habari ni hiyohiyo. Ukuta hupozwa kwa ndani, hewa ya Dar ina unyevu mwingi, na vinaili imeuzuia unyevu huo usitoke. Ukibandua, usibandike nyingine pale.

Salim_Leicester, Uingereza

Kwa ndugu walioko Ulaya na Marekani, tafadhali msikwangue wala kupiga msasa pakavu kabla ya kujua umri wa nyumba. Chini ya karatasi za nyumba kongwe kuna rangi zenye madini ya risasi; Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Hapa Uingereza baadhi ya mapambo ya ukutani yenye mawimbi yalichanganywa na asibesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, ambayo ilipigwa marufuku kabisa mwaka 1999. Yapo maduka yanayouza vifaa vya kupimia rangi, na asibesto hupelekwa maabara.

BintiTabata, Dar es Salaam

Nawashukuru sana nyote. Nimefungua soketi tatu. Kuta mbili za tofali zina rangi ya kijani chini ya karatasi, na ukuta wa mlangoni pekee ndio wenye skimu mbichi. Fundi Temeke aliuona bila kufika. Kwenye kuta za kijani nimevuta ngozi ya nje jioni moja na kulowanisha asubuhi yake, na sijapata hata mkwaruzo. Ukuta wa jipsamu nimeufuata kwa njia ya kaka Otieno, nao umetoka vizuri isipokuwa sehemu mbili ndogo zilizochanika.

Je, ukuta wa mlangoni ndio nimwachie yule fundi wa kwanza? Na ule ushauri wa kupaka rangi juu ya karatasi hauna pa kutumika?

FundiRangi, Temeke

Ndiyo, huo mmoja mwachie. Skimu iliyolegea haiokoleki, na ni afadhali kuilipia kwenye ukuta mmoja kuliko minne. Akimaliza, apake praima kabla ya kitu kingine chochote.

Kupaka juu kwa juu kunafaa pale tu karatasi imeshika bodi ya jipsamu kiasi cha kuihatarisha, haina ukungu, na unaanza na praima ya mafuta, kwa kuwa rangi ya maji huiamsha gundi na karatasi huvimba. Wewe huna sababu ya kufika huko. Zile sehemu zilizochanika kwenye bodi, kata nyuzi zilizosimama, pitisha praima ya mafuta, ndipo uzibe kwa fila, ile dawa ya kuzibia mashimo ukutani.

Lililobaki ni gundi, na hapa naomba usiharakishe. Pitisha kiganja ukutani kikiwa na maji: panapoteleza bado pana gundi, hata kama macho hayaioni, na rangi itakayopita hapo itapasuka kama tope lililokauka. Sugua kwa sponji na maji ya moto, ukibadilisha maji yakianza kuwa mazito. Kama gundi ni ya wanga, tone la iodini kutoka duka la dawa litageuka la buluu nyeusi mahali ilipobaki. Jaribu kona moja tu, usuuze.

Kisha washa feni, fungua madirisha, na baada ya siku chache bandika kipande cha nailoni angavu ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta umande chini yake, ukuta haujakauka. Ngoja siku tatu nyingine, ubandike tena.