Huyu bwana wa kijiko cha chai ana nini na mashua za watu?

#1 Mkuku_Mkavu

Wakuu, nisameheni herufi, mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Yeyote aliyewahi kukanyaga mchanga kati ya Lamu mjini na Shela anamjua, kwa hiyo jina silitaji, nisije nikamwongezea umaarufu.

Mashua imelala ubavu, maji ya bamvua yametoka mpaka kule, ndiyo saa chache za kuona tumbo lote kabla hayajarudi. Bwana akashuka na kikombe chake. Salamu hakuna. Akatoa kijiko kwenye chai, akagonga ubao wa tatu kutoka mkukuni, ule uti wa chini wa mashua. Tok. Akatega sikio kama daktari. Kisha, mbele ya mabaharia wangu wote: "Kuni hizi zinaivisha pilau ya watu mia."

Akarudisha kijiko kwenye chai. AKAKOROGA.

Kijiko kimetoka kwenye deheni ya kupaka mashua, jamani! Shahamu na chokaa! Akanywa, akasema sukari imepungua.

Sikatai, mashua yangu ya mashindano ni ya zamani. Futi 26, mbao za mwembe, taruma (mbavu za ndani) nyingine zilimkuta babu yake huyo bwana bado kijana. Lakini mwaka huu peke yake: taruma 4 mpya, misumari iliyochovywa zinki mahali pa ile ya chuma tupu iliyoliwa na kutu, kalafati (pamba ya kuziba nyufa) pande zote mbili, msasa namba 80 kisha 120, deheni mikono miwili. Foromali mpya, ule mti unaobeba tanga. Dasi, ile kamba ya ukingo wa tanga, imeshonwa upya kuanzia goshini, pembe ya mbele, mpaka demanini, pembe ya nyuma inapofungwa demani, kamba ya kukazia tanga. Usukani uliokuwa ukicheza kwenye bawaba kama jino la mtoto sasa umetulia tuli.

Chombo cha namna hiyo mtu anakigonga kwa kijiko? Tok? Na hao watu mia kawahesabu wapi? Futi 26 ni watu 60, tena wasiokula sana.

Siombi ushauri. Nataka mumseme.

#2 Kahawa_Chungu

Nimekaa paleee. Kahawa yangu haina kijiko, kwa usalama wa vyombo vya watu.

#3 Tezo_Kali

Ami, mwenye kijiko ana kinywa kibaya, lakini kijiko hakina kosa. Ubao mzima na mkavu ukigongwa unalia. Uliooza unanung'unika. Shida ni kwamba ubao mzima uliolowa nao unanung'unika, na yako ilikuwa imetoka majini saa hiyo hiyo. Kwa hiyo tok yake haikuthibitisha kitu, na hasira zako pia hazithibitishi kitu.

Chukua kisu chembamba, kisukume kwa uzito wa mkono tu, usipige. Kikigota juu juu, uko salama. Kikizama nusu sentimita bila ubishi, ubao umekwenda. Wala usianze mkukuni kwenye maji ya chumvi. Anza juu: chini ya sitaha ya omo (mbele), pembeni mwa fashini ya nyuma, ile nguzo mbao zinapoishia, nyuma ya vichwa vya taruma, kila mahali maji ya mvua yanapotuama. Maji ya bahari hayaozeshi mbao haraka hivyo, muuaji ni mvua. Mashua ikilala wazi masika nzima bila kufunikwa makuti, mwezi wa saba unaokota unga wa mbao kwa kiganja.

Tazama pia misumari. Ukiona duara jeusi limezunguka kichwa cha msumari, ndani kumelegea. Kupiga msumari mpya kwenye tundu lile lile ni kujidanganya. Ziba tundu kwa kijiti cha mbao ngumu, toboa pengine sentimita 3 kando, tena usiufuate mshipa ule ule wa ubao, utaupasua.

#4 Mkuku_Mkavu

Kisu kiliingia milimita 2. Kijiko hakikuingia kabisa kwa sababu NI KIJIKO. Kilikuwa bado kina jani la chai.

#5 Baharia_wa_Kidijitali

Mnahangaika bure. Piga faiba nje yote, mashua inakuwa laini kama yai, inakimbia, kalafati unaisahau maisha.

#6 Tezo_Kali

Hapa ndipo ninapotaka kutupa simu baharini.

Mbao za mashua zinapumua. Zikikaa majini zinavimba, zikianikwa zinanywea. Faiba haivimbi wala hainywei. Msimu wa kwanza inang'aa, unapiga picha. Msimu wa pili inabanduka kwenye maungio ya mbao, maji yanapenya katikati na hayana pa kutokea. Ubao unaoza gizani huku nje kunameremeta. Siku utakayojua ni siku msumari utakapotoka kwa vidole. Halafu uzito! Unabandika kilo kwa makumi kwenye chombo cha mashindano, kisha unawalaumu mabaharia.

Wenye silikoni ndio wabaya kuliko hata wa faiba. Mtu anakwangua ufa, anaujaza silikoni, anasema amekalafati. Silikoni haishiki ubao uliokunywa mafuta ya sifa, yale ya papa, na ikishatoka inaacha utelezi usiokubali rangi wala gundi nyingine.

Kalafati ni hivi. Toa pamba yote ya zamani, usiache hata uzi. Ufa uwe mpana nje, mwembamba ndani, kama kwato. Pamba mpya isokotwe iwe nene kama penseli, ilowe mafuta kisha ikamuliwe. Iingize kwa chembeu (patasi ya kalafati) na nyundo ya mbao, ukiikunja vikunjo vidogo vidogo, usiivute ikanyooka. Simama milimita 3 au 4 kabla ya uso wa ubao, hapo ndipo inapokaa dawa ya kuzibia, na iwe laini.

Kosa la wengi ni kushindilia. Mashua imeanikwa wiki tatu, nyufa zimefunguka, mtu anapiga pamba kama anajaza godoro. Ikirudi majini mbao zinavimba na hazina pa kwenda. Kitakachokubali ni kichwa cha msumari au taruma. Taruma inalia "pwa!" usiku, unadhani paka.

#7 Upo_na_Ndoo

Msisahau kuiacha inywe maji kabla ya mbio. Siku 2 majini, ivuje, ufue maji, ivuje, ufue. Ya tatu imekaza. Anayeshusha mashua asubuhi ya mashindano na kusema "inavuja, hii mbovu" ndiye mbovu.

#8 Mkuku_Mkavu

Ndiyo ninayosema! Haikuwa imeshakunywa! Na akaigonga! Kwa kijiko!

#9 Kahawa_Chungu

Tok.

#10 Demani_Ndefu

Wakati mnagombana na mbao, mbio zinapotea kwenye kugeuza tanga. Mimi kilio changu ni hicho, na ni kikubwa kuliko cha pilau.

Tanga letu si la vile viboti vya klabu, unapitisha pua kwenye upepo, kitambaa kinajigeuza chenyewe. Hapa unashuka na upepo, omo inakimbia upepo, demani inaachiwa yote, tanga linapepea mbele ya mashua kama khanga kwenye kamba. Mguu wa foromali unaletwa mlingotini mpaka foromali isimame wima. Mtu mmoja anakimbia na demani, anaipitisha mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili. Ndipo mguu unarudishwa omo, demani inakazwa. Watu wakizoeana ni pumzi chache. Wasipozoeana, demani inanasa kwenye ncha ya mlingoti, mashua inakaa mbavu kwa upepo, wenzako wanakupungia mkono.

Na mchanga! Magunia ya farumi, uzito wa kuituliza mashua, yahamishwe KABLA, wakati omo inaanza kushuka, si baada. Ukikaza demani magunia yako upande wa chini, hiyo si mashua tena, ni bakuli. Gunia moja lisizidi kilo 25. Watu wanajaza 50 kwa ubahili wa magunia, halafu nani analiinua mashua ikiwa imeinama? Mtu wa ubaoni amekaa nje juu ya maji, mwingine anafua maji, nahodha anatukana.

Kwa sababu hiyo kila kugeuza ni hasara ya urefu wa mashua kadhaa. Nahodha mwenye akili anatoka na bisho ndefu, ule mwendo wa kupanda upepo, mpaka karibu na upande wa kisiwa cha Manda, anageuza mara moja. Asiye na akili anageuza kila akimwona mpinzani amegeuza.

#11 Mkia_wa_Kusi

Dau la mnyonge haliendi joshi. Nimemaliza.

#12 Bara_Tu

Samahani wakuu, kwani hiyo mashua haina injini?

#13 Upo_na_Ndoo

Mods, huyu apewe maji ya kunywa arudishwe alikotoka taratibu.

#14 Ngalawa_ya_Unguja

Nyie watu wa mashua mna taabu kweli. Ngalawa ni gogo moja la mwembe, hakuna kalafati, hakuna taruma, ufa ukitokea unabandika kiraka cha bati na pamba, jioni uko majini. Kilio chetu ni kamba za kufungia mbawa za pembeni. Watu wanafunga nailoni kwa sababu ni bei rahisi na haiozi. Nailoni ikilowa inanyumbuka! Ubawa unaanza kucheza, kila wimbi linasugua kamba, katikati ya mkondo ubawa unaaga. Bila ubawa ngalawa si chombo, ni mche wa sabuni.

#15 Tezo_Kali

Hapa nakuunga mkono, japo gogo la mwembe nalo liangaliwe. Mwembe ni laini, minyoo ya baharini inaupenda kuliko sisi tunavyopenda maembe. Zamani chombo kilipandishwa kikapitishiwa moto wa makuti chini, moshi na joto vikaua kilichoingia, ndipo deheni. Siku hizi kijana anapaka rangi ya nyumba.

#16 Baharia_wa_Kidijitali

Basi suluhisho ni plastiki. Jahazi la Flipflopi lilishushwa majini hapa hapa Lamu 2018, plastiki iliyookotwa, mwaka uliofuata likafika Unguja. Likigongwa kijiko linasemaje?

#17 Kahawa_Chungu

Linaomba lisirudishwe dukani.

#18 Mkia_wa_Kusi

Kilio changu mimi ni tanga la turubai. Mtu ana mashua nzuri, kaishindilia turubai la lori juu. Zito, halishiki umbo, kila upepo ukibadilika linapiga kelele kama bati. Tanga la mbio ni la pamba, na upepo ukiwa mdogo unalirushia maji ya bahari, nyuzi zinavimba, matundu yanajiziba, halipitishi upepo. Baada ya mbio lisuuze maji baridi, lianike mpaka likauke kabisa. Chumvi ikibaki inavuta unyevu, ukilikunja hivyo wiki mbili unakuta madoa meusi, na hapo kidole kinapita.

#19 Mkuku_Mkavu

Jamani, uzi ulikuwa wa kumsema mtu. Alikoroga!

#20 Mpishi_wa_Harusi

Nimepita tu. Kuni za mwembe hazifai pilau. Zinawaka haraka, zinaisha, halafu zenye deheni zitatoa moshi wa shahamu mchele wote unuke. Na watu 100 ni kilo 12 za mchele, sufuria moja kubwa, hata robo ya mashua hutumii.

#21 Upo_na_Ndoo

Kilo 12? Unawalisha watu au kuku? Kilo 15, na nyama 10.

#22 Mpishi_wa_Harusi

Pilau ya Lamu au ya Mombasa? Tuanzie hapo.

#23 Demani_Ndefu

Kabla hamjafika kwenye kachumbari: foromali ya vipande viwili mnaifunga wapi? Yangu inapinda juu kila upepo ukizidi, tanga linafunguka nyuma.

#24 Tezo_Kali

Kupinda kidogo juu si ugonjwa, kunatema upepo uliozidi. Ugonjwa ni ikipinda kwenye maungio. Ncha nene za vipande vyote viwili zikutane katikati, zipandane mkono mzima na zaidi, maungio yakae pale henza, kamba ya kutweka, inapofungwa. Funga sehemu 4, si 2, kila sehemu mizunguko isiyopungua 8. Chini ya kila fungo gonga kabari ndogo ya mbao ngumu mpaka kamba ilie. Na iwe kamba ya kumbi la nazi au katani, ikilowa inakaza. Wewe najua umefunga nailoni.

#25 Demani_Ndefu

Ya bluu.