Kundi la ukoo wa Bibi Ujiji: video za kumfunza mbwa wetu Liemba

*Alhamisi*

Mama Zuwena: Shikamoo Mama, shikamoo Mjomba, shikamoo dada Asha. Hamisi hujambo. Yule mtoto wa mbwa tuliyekuwa tunamngojea kafika leo hapa Gungu. Dume, rangi ya mchanga, masikio bado yameanguka. Watoto wamemwita Liemba.

Mjomba Rama: Marahaba mwanangu. Hilo ni jina. Meli ile ya Ziwa Tanganyika Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ikiitwa Goetzen, ikaopolewa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mpeni chakula cha kutosha alingane na jina lake.

Dada Asha Tabora: Marahaba mdogo wangu. Hongereni. Ana umri gani?

Mama Zuwena: Aliyetuuzia kasema wiki 8. Hamisi, nimekutumia picha ya mdomo wake, maana wewe ndiye dokta wetu.

Dokta Hamisi: Nimeiona. Meno ya utotoni ni 28, na naona ya nyuma nayo yameshatoka. Wiki 7 au 8, hajakudanganya. Kabla ya mambo yote: alipewa dawa ya minyoo? Chanjo je?

Mama Zuwena: Minyoo alisema mara moja. Chanjo bado.

Dokta Hamisi: Basi Jumamosi mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Chanjo ya kwanza huanza wiki ya 6 hadi ya 8, inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu. Dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka atimize miezi hiyohiyo mitatu. Mpate kadi, mwandike tarehe.

Mama Zuwena: Tutampeleka. Sasa ndugu zangu, shida yangu ni hii. Zuwena kapakua video tatu za kumfunza mbwa, na kila moja inasema lake. Bando limekwisha na bado sijajua tumfuate nani.
Ya kwanza, bwana mmoja anasema mbwa akikojoa ndani umkamate shingo umsugue pua kwenye mkojo. Kisha umlaze chali umkandamize mpaka atulie, ajue nani mkubwa.
Ya pili ni ya dada mmoja anayefunza kwa vipande vya chakula tu, hata hamgusi.
Ya tatu ni mbwa mkubwa anamrukia mtu aliyevaa mkono wa pedi. Hiyo ndiyo Idi anairudia kutwa.

Mjomba Rama: Ya kwanza ndiyo yenyewe. Mbwa lazima ajue mwenye nyumba. Sisi tulifuga mbwa miaka yote kwa fimbo moja iliyowekwa mlangoni.

Zuwena: Shikamoo Babu Rama. Huyo dada wa video ya pili anaitwa Emily Larlham, ni Mmarekani, chaneli yake ni Kikopup. Ana video nyingi za watoto wa mbwa. Ila anaongea Kiingereza haraka.

Dokta Hamisi: Zuwena, fanya hivi. Zirudie zote tatu, lakini ZIMA SAUTI. Usimtazame mwalimu, mtazame mbwa. Mkia uko wapi? Masikio je? Analamba midomo hali hakuna chakula? Anapiga miayo na hana usingizi? Anageuza uso? Halafu mwalimu akimwita tena, anakuja mbio au anakuja akiwa amejikunja?

Zuwena: Sawa mjomba. Ngoja.

Dada Asha Tabora: Hamisi, mbwa anapiga miayo kwa hofu?

Dokta Hamisi: Ndiyo dada. Ni kama mtu anayejikuna kichwa akiulizwa deni. Kwenye video za namna ya ile ya kwanza mwalimu anasema "sasa ametulia, ameelewa". Ukizima sauti unaona kitu kingine kabisa: mbwa ameganda.

Zuwena: Nimeangalia. Ya kwanza mkia umeingia katikati ya miguu tangu mwanzo. Akiachiwa anakimbilia pembeni, halafu video inakatwa. Ya pili mbwa anakosea mara nyingi na dada hakati, anasubiri tu. Mkia unacheza. Akimaliza mbwa hataki kuondoka.

Dokta Hamisi: Umeona hilo la kukata? Weka akilini. Mwalimu anayeonyesha mbwa akikosea anakuonyesha kazi yenyewe. Anayeonyesha mwisho tu hujui kafikaje huko.

Mjomba Rama: Hamisi, hayo ni mambo ya Wazungu wanaolala na mbwa kitandani. Mbwa ana asili ya mbwamwitu, na kundi la mbwamwitu lina mbabe mmoja.

Dokta Hamisi: Mjomba, hilo la mbabe lilitoka kwa watu walioangalia mbwamwitu waliofungiwa pamoja, wasiojuana, wakigombana. David Mech, mtafiti wa Marekani, aliliandika kwenye kitabu chake mwaka 1970 na likaenea dunia nzima. Mwaka 1999 mwenyewe akachapisha kulisahihisha: porini kundi ni baba, mama na watoto wao. Hakuna mbabe aliyepigana mpaka akatawala, kuna wazazi. Video nyingi bado zinafundisha lile la kwanza.
Na la chakula si la Wazungu peke yao. Nilipokuwa nasoma chuo cha kilimo SUA Morogoro tulikuwa jirani na APOPO, wanaofunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya mzima unamfunza kwa mlio mdogo, "ka!", na kipande cha ndizi. Akisikia mlio anajua hapo nimepatia, ndizi inakuja. Magawa, aliyezaliwa palepale Morogoro, alinusa mabomu 71 kule Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu Uingereza. Panya huwezi kumfunza kwa fimbo Mjomba, atajificha tu.

Dada Asha Tabora: Subhanallah. Panya?

Dokta Hamisi: Panya, dada. Mlio ndio siri. Lazima utoke sekunde ileile anayofanya jambo zuri. Ukichelewa, kaketi, kainuka, kageuka, wewe ndiyo unamsifu, anadhani umesifu kugeuka. Ndiyo maana pia kumsugua pua hakufundishi kitu. Alikojoa muda uliopita, anachojifunza ni kwamba mikono yenu haitabiriki. Atakojoa uvunguni, mbali na macho yenu.

Mama Zuwena: Sasa mlio tutautoa wapi? Yule dada ana kidude mkononi.

Dokta Hamisi: Neno linatosha. Fupi, la sauti ileile siku zote. "Safi!"

Mama Zuwena: Na vile vyakula vyake vya pakiti? Huku hakuna.

Dokta Hamisi: Dada, uko Kigoma unaniuliza chakula cha zawadi? Dagaa! Mkavu, asiyetiwa chumvi. Mmoja mkate vipande vitatu vinne, kila kipande ni "safi" moja. Harufu yake mbwa anaipata kabla hujafungua mfuko. Msimpe vitunguu wala chokoleti, ni sumu kwake.

Bibi Ujiji: (ujumbe wa sauti, ameuandika Zuwena) "Wanangu nimewasikia wote. Marahaba. Mimi sina neno na mbwa wa kulinda, ila twahara ya nyumba izingatiwe. Banda lake liwe uani, chombo chake kiwe chake. Akilamba chombo chetu kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Na kumpiga msimpige. Tulisomeshwa habari ya mtu aliyemkuta mbwa anahema kwa kiu, akateremka kisimani akamchotea maji kwa kiatu chake, Mola akamsamehe dhambi zake. Rama mdogo wangu, fimbo hiyo iondoe mlangoni."

Mjomba Rama: Nimekusikia dada.

Mama Zuwena: Ahsante Mama. Hamisi, je inawezekana kumfunza asivuke kizingiti?

Dokta Hamisi: Inawezekana na ni somo zuri la kuanzia. Kila anapofika mlangoni akasimama nje, "safi", dagaa idondoke NJE, upande wake. Kila kitu kizuri kinapatikana uani. Tafuteni video ya kufunza mbwa kungoja mlangoni, ni ileile.
Na haja ndogo: mtoeni kila akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza. Wa miezi miwili anaweza kujizuia kama saa tatu tu akiwa ametulia, akicheza ni chini ya hapo. Akijisaidia pale mnapotaka, palepale "safi".

Dada Asha Tabora: Na maneno? Huyo dada atasema Kiingereza, watoto wataiga, Mama Zuwena ataita Kiswahili. Jirani yangu hapa Isevya mbwa wake ana maneno matatu ya jambo moja, hatii hata moja.

Zuwena: Nilitaka tutumie "kaa", mama mkubwa.

Dada Asha Tabora: Lakini mwanangu, kila mgeni akiingia kwenu anaambiwa "karibu, kaa". Idi anaambiwa "kaa vizuri" mara ishirini kwa siku. Mbwa atajua lipi lake?

Mama Zuwena: Kweli. "Keti" basi. Hakuna anayelitumia humu ndani. Na "njoo" nayo tuiache, naiita watoto kutwa nzima. Tuseme "hapa".

Dokta Hamisi: Mmefanya vizuri sana. Yaandikwe, yabandikwe jikoni, kila mtu ayatumie hayohayo. Na mkono: mbwa mchanga anafuata mkono kabla ya neno. Ndiyo maana video ya Kiingereza usiyoielewa bado inakufaa, nakili mkono wa mwalimu. Kipande cha dagaa puani, kisha pandisha mkono juu taratibu kuelekea nyuma ya kichwa. Pua inapanda, makalio yanashuka. Dakika tatu zinatosha, mara tatu nne kwa siku.

Mjomba Rama: Niulize basi. Mbwa amezoea kupewa dagaa na kila mkono. Mwizi naye akija na dagaa?

Dokta Hamisi: Hapo Mjomba umegusa jambo la maana. Apewe na mikono ya nyumba tu. Wageni wapite, awaone, wasimlishe.

Mjomba Rama: Mimi nasema asiwaone kabisa. Mbwa wa ulinzi anafichwa mchana.

Dokta Hamisi: Hapo sikubaliani nawe Mjomba, niwie radhi. Muda huu, mpaka karibu wiki ya 14, ndio akili yake inapokea kwamba hiki ni cha kawaida. Akikua hajaona mzee mwenye mkongojo, mtoto anayekimbia, bajaji, atavihofia vyote, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeng'ata. Kubweka kutakuja kwenyewe akikomaa. Kwa kuwa chanjo hazijakamilika asikanyage wanakopita mbwa wengine. Mtieni kwenye kikapu, Zuwena ambebe wapite soko la Mwanga, wasimame stesheni asikie honi ya treni, dagaa mfukoni.
Hiyo video ya tatu ifutwe. Si ya mtoto wa mbwa, na si ya nyumba yenye watoto. Idi ana miaka minane. Mbwa akimng'ata yeyote, hata kidogo, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo.

Mama Zuwena: Nimeifuta sasa hivi. Idi amenuna.

Mjomba Rama: Nilikuwa na mbwa nilipokuwa nafanya kazi bandarini, mnamkumbuka, Simba. Kila nikirudi alikuwa anaingia chini ya kitanda cha kamba kule uani, anatoa pua tu. Nilikuwa nawaambia watu, mwoneni alivyo na adabu.

Bibi Ujiji: (sauti) "Namkumbuka. Alikuwa anakuja kulala kwangu."

*Ijumaa*

Zuwena: Shikamooni wote. Usiku Liemba alilia mpaka tukaweka banda karibu na dirisha, akanyamaza. Asubuhi kakojoa kwenye mkeka, mama kaosha, hatukumfanya kitu. "Keti" tumejaribu mara kumi, kapatia nne. Anang'ata vidole sana.

Dokta Hamisi: Nne kwa siku ya kwanza ni nyingi. Aking'ata, mchezo usimame palepale, mikono ikunjwe, mgeuke. Kisha mpeni kanga kuukuu iliyofungwa fundo atafune. Meno hayo yatadondoka kati ya mwezi wa nne na wa sita, vumilieni.

Mama Zuwena: Tunapakua ipi sasa? Nina bando la video mbili tu.

Dokta Hamisi: Ya kung'ata, na ya kuja akiitwa. Za yule yule mwalimu, msichanganye. Punguzeni ubora wa picha, mkono utaonekana tu.

Mjomba Rama: Zuwena.

Zuwena: Abee Babu.

Mjomba Rama: Huo mkono unaanzia puani au juu ya kichwa?

Zuwena: Puani Babu. Karibu kabisa, halafu unapanda taratibu. Ukiinua haraka anaruka.

Mjomba Rama: Na neno ni "keti".

Zuwena: Ndiyo Babu, keti.

Mjomba Rama: Haya. Jumapili nitapita Kibirizi kwanza, nichukue dagaa wale wadogo, wa juani, wasio na chumvi. Saa nne nitakuwa hapo kwenu.